Kumjua Konokono Kabla ya Kumwaga Dawa: Vinasaba na Udhibiti wa Kichocho Zanzibar



Chukua konokono wa madimbwi ya Kinyasini, kaskazini Unguja, uwachanganye kwenye sinia na wale wa kusini mwa kisiwa. Hata mzoefu atasita kuwatenganisha kwa kutazama magamba. Wa kaskazini ni Bulinus globosus, anayeeneza kichocho cha mkojo. Wa kusini ni Bulinus nasutus. Kimelea cha Unguja, Schistosoma haematobium, kikimwingia hakikui. Ndiyo maana kichocho kimeng'ang'ania kaskazini na katikati, kusini wakasalimika. Uhakika wa kuwatofautisha umetokana na vinasaba.

Ninachokiomba leo ni kwamba uchunguzi wa vinasaba uingie kwenye mpango wa udhibiti tangu mwanzo, usingoje fedha za watafiti. Dawa ya konokono, niklosamidi, huua na samaki. Kuimwaga kwenye dimbwi lenye konokono asiyeambukiza ni kuwaonea wanakijiji bure.

Tukigeukia kimelea chenyewe, minyoo dume na jike hukutana ndani ya mwili wa binadamu, na humo ndimo jeni zinamochanganyika. Ndani ya konokono hakuna kujamiiana: kijidudu kimoja kilichoanguliwa kutoka kwenye yai huzaa maelfu ya lava, zote nakala moja. Kwa hiyo anayeingia kwenye maji mengi tofauti, mkulima wa mpunga kwa mfano, hujikusanyia koo nyingi za minyoo. Tukitibu watoto wa shule tu, koo hizo zinabaki kwa wazazi wao. Na sisi tunategemea dawa moja tu, praziquantel. Kadiri koo zinavyokuwa nyingi, ndivyo uwezekano wa kuwemo minyoo inayoistahimili unavyoongezeka. Hili linanitia hofu kuliko yote niliyoyasema.

Pemba kuna jambo jingine. Tumezoea kuwaweka konokono kwenye vikombe vya maji chini ya mwanga, lava zikitoka tunaliandika dimbwi kuwa la hatari. Lakini kisiwani humo konokono wamekutwa na Schistosoma bovis, kimelea cha ng'ombe, na ng'ombe huletwa kutoka bara. Kwa hadubini ni vigumu mno kuzitofautisha lava zake na za kichocho chetu. Tena vimelea hivi viwili huweza kuzaana: mlipuko uliogunduliwa Corsica, Ufaransa, mwaka 2014 ulihusisha machotara wao.

Napendekeza basi kila timu ya konokono ihifadhi sampuli kwenye spiriti kabla ya kumwaga dawa, chupa iandikwe jina la dimbwi na tarehe, na lava zinazotoka zihifadhiwe pia. Maofisa mifugo wakae meza moja na watu wa afya, na ng'ombe wanaoshushwa bandarini Pemba wapimwe kinyesi kabla hawajafika malishoni.