SHIMO LINA MWANZO, NA LIWE NA MWISHO

(Maneno tuliyoyasema mbele ya wachimbaji na wenyeji wa Lushebere, Masisi)

Ndugu wachimbaji, mama zetu wa mashamba, na ninyi nyote wa mji,

Tumekutana kusema habari ya changarawe. Barabara zinaitaka, nyumba zinaitaka, na mikono inayoichimba ni yetu. Hatukuja kukataza kazi. Tunauliza neno moja tu: changarawe ikiisha kupakiwa katika motokaa, shimo linabaki la nani? Linabaki letu. Mtoto anayetumbukia ni wetu, mbuzi ni wetu, na mbu wa maji yale wanatuuma sisi.

Milima yetu haimhurumii anayesahau mvua. Mwezi wa Mei 2023, kule Kalehe katika Kivu ya Kusini, maji yaliteremka na matope na mawe juu ya Bushushu na Nyamukubi, yakaua watu zaidi ya 400. Basi kabla ya sululu ya kwanza tupatane mambo haya.

Kwanza, udongo mweusi wa juu uondolewe, uwekwe kando, mbali na ukingo. Ndio unaolisha maharagwe. Ukichanganywa na mawe umepotea.

Pili, tuchimbe kwa ngazi, kutoka juu kushuka chini. Anayekula mguu wa ukuta huku kichwa chake kinaning'inia, anajichimbia kaburi.

Tatu, mfereji ukatwe upande wa mlimani, maji ya mvua yapite kando. Yale yanayoingia yakusanywe katika shimo dogo kwenye pembe ya chini, yavutwe kwa mashini, yatulie bwawani mpaka matope yazame, ndipo yaende mtoni. Wala tusiyavute kwa pupa: maji ya shimo yakishuka upesi, yale yaliyo ndani ya ukuta hubaki yakisukuma, na ukuta huanguka.

Nne, kila sehemu iliyokwisha ifukiwe, udongo urudishwe, miti ipandwe, huku kazi ikiendelea mbele.

Wapo watakaosema ardhi iliyochimbwa imekufa. Na watazame Bamburi, karibu na Mombasa. Machimbo ya mawe ya saruji yalikuwa kama jangwa. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti; katika aina 26 zilizojaribiwa, 3 tu zilishika, na mvinje ni mmojawapo. Majongoo wakala majani yake makavu, yakawa udongo. Leo pale ni msitu.

Sheria ya madini ya Kongo ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inamdai mwenye kibali atengeneze ardhi aliyoiharibu, tena aweke dhamana ya fedha kwa kazi hiyo. Tusingoje kuuliza siku ya mwisho, fedha ikiwa imekwisha kuliwa. Tuulize siku ya kwanza: mpango uko wapi? Dhamana iko wapi?

Ndugu zetu, uhuru ni kuwa na neno juu ya ardhi yetu. Anayechimba leo na amkumbuke atakayelima kesho.