Mkia Unapotaka Kuinuka: Spoila na Mabawa ya Nyuma katika Magari ya Spoti



Upepo mkali ukiipitia nyumba ya mabati, mara nyingi paa haliangukii ndani; linaezuliwa. Hewa inayopanda mgongo wa paa huongeza mwendo, kanieneo yake hushuka, na hewa iliyotulia chini huyasukuma mabati juu. Gari la spoti lenye mgongo wa mviringo hufanyiwa hayo hayo linapokimbia kilomita 200 kwa saa, ila paa lina misumari na gari lina uzito wake tu. Wengi wetu tunaamini kile kipande cha nyuma kiitwacho spoila kimewekwa ili kulikandamiza gari chini. Kwa magari mengi ya barabarani, kazi yake ni ndogo kuliko hiyo na ni ya maana zaidi: kupunguza kuinuka kwa nyuma mpaka ekseli mbili zipatane.

Nianze na Porsche 911 Carrera RS 2.7, iliyooneshwa Paris mwezi Oktoba 1972. Mgongo wa 911 hushuka taratibu kutoka kwenye paa hadi kwenye bampa, na hewa huung'ang'ania mteremko huo ikiwa na kasi kubwa na kanieneo ndogo. Kwa kuwa uso wenyewe umeinamia nyuma, mvuto wa hewa unalitendea gari mambo mawili kwa pamoja: unaliinua na unalirudisha nyuma. Wahandisi Hermann Burst na Tilman Brodbeck waliweka kwenye kifuniko cha injini ukingo uliopinda juu, ambao baadaye mashabiki waliuita mkia wa bata. Ukingo ule haukandamizi kitu kwa nguvu zake wenyewe. Unaizuia hewa kidogo, hewa inapunguza mwendo kabla ya kuufikia, na kanieneo inapanda juu ya mteremko wote ulio mbele yake. Kuinuka kukapungua sana. Na kwa sababu uso ule ule umeinamia nyuma, kanieneo iliyoongezeka ikalisukuma gari mbele pia: kasi ya juu ikapanda kwa kilomita 4.5 kwa saa. Kipande kilichobandikwa juu ya bodi kikaliongezea gari mwendo! Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza huwa hawaamini mpaka wachore mishale ya kani wenyewe. Ili gari hilo liruhusiwe mashindanoni, kanuni za mbio zilidai magari 500 yaundwe, yakaundwa 1,580.

Mfano wa pili ni wa huzuni. Audi TT ya kwanza iliingia sokoni 1998 ikiwa na umbo safi kabisa, mgongo laini usio na ukingo wowote. Ilisifiwa kwa uzuri, na kwa haki. Kisha zikatokea ajali za mwendo mkubwa kwenye barabara kuu za Ujerumani, nyingine za vifo. Mfikirie dereva aliyeko kwenye kona pana akiwa na kasi ya kilomita 180 au zaidi. Anashtuka, anaachia mafuta. Uzito unahamia mbele, tairi za nyuma zinabaki na mzigo mdogo, na hewa nayo inaendelea kuzipunguzia hata huo mdogo. Nyuma inateleza, gari linazunguka. Kampuni iliyaita magari gereji, ikarekebisha mfumo wa springi, ikaongeza udhibiti wa kielektroniki wa uthabiti, na ikafunga spoila ndogo kwenye buti. Wapo wapenzi wa usanifu waliolalamika kwamba sura imeharibiwa. Mimi naona ndipo sura ilipokamilika.

Bawa ni kitu kingine. Lenyewe ni bawa la ndege lililogeuzwa juu chini, limesimama mbali na bodi, hewa ikipita pande zote mbili. Hesabu yake ni nyepesi. Chukua bawa la mita 1.5 kwa sentimita 25, lenye koefisienti ya kani ya 1, katika hewa yenye densiti ya kilo 1.2 kwa mita ya ujazo. Kwenye kilomita 180 kwa saa linakandamiza kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 57. Kwenye kilomita 90, kilo 14. Kwenye 45, ambayo ni bahati njema katika foleni za miji yetu, chini ya kilo 4, yaani mfuko wa unga wa kilo 2 na mwingine haujajaa. Kasi ikizidi maradufu, kani huzidi mara nne, na nguvu ya injini inayoliwa na ukinzani wa bawa huzidi mara nane.

Jim Hall wa Texas aliielewa bei hiyo mapema. Chaparral 2E yake ya 1966 ilikuwa na bawa refu juu ya nguzo mbili zilizofungwa moja kwa moja kwenye vitovu vya magurudumu ya nyuma, hivyo mzigo ulikwenda kwenye tairi bila kuzikandamiza springi. Kwenye sehemu nyoofu, dereva alikanyaga pedali kwa mguu wa kushoto na bawa likalala. Kwenye kona aliachia, likainama. Mwaka huo Phil Hill alishinda nayo Laguna Seca. Formula 1 ikaiga kwa pupa. Mei 1969, kule Montjuïc mjini Barcelona, mabawa ya Lotus mbili yalivunjika katika shindano moja, la Graham Hill kisha la Jochen Rindt, na Rindt akaumia. Majuma mawili baadaye, huko Monaco, mabawa marefu yakapigwa marufuku.

Upande wa bawa unaofanya kazi kubwa ni wa chini, kwenye mvuto. Ndiyo sababu Porsche 911 GT3 ya 2021 ina bawa lililoning'inizwa kwa mikono inayotokea juu, ili chini pasiwe na kitu cha kuichafua hewa.

Limebaki jambo la wenzo, ambalo mafundi wa mitaani hulisahau. Bawa husimama nyuma ya ekseli ya nyuma. Tuseme limeipita kwa sentimita 60, na umbali kati ya ekseli ni mita 2.5. Zile kilo 57 zinaipa ekseli ya nyuma kilo 71 na kuinyang'anya ya mbele kilo 14. Kwenye gari la mbio, mhandisi huzirudisha kwa kibao cha chini ya bampa ya mbele. Sasa ninyi vijana mnaofunga bawa la futi mbili juu ya gari dogo lililotumika Japani, linalovutwa na magurudumu ya mbele: magurudumu yale yale yanavuta, yanakata kona na kufanya sehemu kubwa ya kazi ya breki. Umelipa fundi ili kasi ikipanda, usukani uzidi kuwa mwepesi.