Tupange Maji Kabla ya Kupima Mashamba



Nimeombwa nizungumze juu ya umwagiliaji na njaa. Pengine mnatarajia nisifu mifereji, nami sina kinyongo nayo: mahali ambapo mvua haina uhakika, mfereji ni ghala. Hata hivyo napenda tulitazame Bonde la Usangu, wilayani Mbarali, ambako Mto Ruaha Mkuu hukusanya maji yake.

Usangu ina msimu mmoja tu wa mvua, na mvua ya uwandani haitoshi mpunga. Maji ya majaruba hushuka na mito kutoka milimani. Kwa miaka mingi wakulima waliyachepusha kwa mabanio ya miti, mawe na udongo. Mafuriko yaliyabomoa, wakayajenga upya, na kazi ile ilichosha. Kisha wataalamu na wafadhili wakaleta mabanio ya saruji yenye milango ya chuma. Kazi ikapungua, na hilo ni jema. Lakini banio la zamani lilikuwa likivuja, na uvujaji ule ndio uliokuwa fungu la jirani wa chini. Banio la saruji halivuji. Wakati wa kiangazi, aliye juu aliweza kuuchukua karibu mto mzima pasipo kukusudia kumdhulumu mtu. Vibali vya maji navyo vilitaja lita kwa sekunde, kiasi kilekile, kana kwamba mto haupungui.

Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Kwa kuwa mto huo hulisha mabwawa ya Mtera na Kidatu, umeme ulipogawiwa kwa mgao, lawama ziliwaangukia wakulima na wafugaji. Mwaka 2006 wafugaji waliondolewa Usangu pamoja na mifugo yao. Mto uliendelea kukauka. Ni rahisi kumhamisha mnyonge kuliko kufunga mlango wa chuma.

Basi tunapopanga skimu mpya tusianze kwa kuuliza hekta ngapi zitalimwa. Tuulize mto una maji kiasi gani mwezi wa Oktoba, na nani yuko chini yetu. Maji yagawiwe kwa mafungu, si kwa kiasi kisichobadilika: mto ukipungua nusu, kila mfereji upungue nusu, wa mkubwa na wa mdogo. Fundi anaweza kujenga kigawanyio cha saruji kinachofanya hivyo chenyewe, bila kumtegemea mlinzi wa usiku.

Tena kuna jambo linalosahauliwa. Mifereji mingi huachwa wazi kiangazi chote kwa sababu vijiji hunywa humo. Ili ndoo chache zifike nyumba ya mwisho, maji mengi hupotelea katika mashamba matupu na juani. Kisima kijijini kingeuachia mto sehemu kubwa ya maji hayo. Mfadhili hupenda kupigwa picha kwenye banio. Kisima cha namna hii hakimo katika mpango wake wa kilimo.

Kadhalika mpunga wa mapema hupata bei nzuri, hivyo walio juu huwahi vitalu, na wa mwisho hupandikiza wakiwa wamechelewa, huvuna kidogo, kisha hununua chakula. Skimu ya namna hiyo huhesabiwa magunia yake, nayo ina njaa ndani yake.

Katika Kitabu cha Mwanzo watumishi wa Isaka waligombaniwa visima viwili, naye akasogea mbele akachimba cha tatu. Usangu hakuna tena pa kusogea.

Sheria ya mwaka 2009 inazitambua jumuiya za watumia maji. Walio wanachama wake, nawaomba mfanye mambo matatu kabla vitalu havijamwagwa mbegu. Mtu wa mwisho wa mfereji awe na kiti katika kamati. Vipimo vya kiangazi kilichopita visomwe hadharani. Na ijulikane ni nani anayeshika ufunguo wa mlango wa banio, na ameupewa na nani.