Siku 14 za ugonjwa, miezi ya kiharusi

Haya ndiyo niliyoyazungumza barazani, Mji wa Kale. Nayaweka kwenye uzi kwa waliokosa kufika. Kama kawaida yetu hapa: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna chama.

1. Mwakumbuka Mei 2020? Tarehe 6 tuliambiwa hakuna kuingia wala kutoka Mji wa Kale, siku 15. Zikaongezwa, tukafunguliwa mwanzoni mwa Juni. Na kafyu juu yake.

2. Sasa mfikirie mtu aliyepigwa na kiharusi Aprili ile. Yuko ghorofa ya pili Kibokoni, ngazi zimesimama wima, kichochoro hakipitishi gari. Mtaalamu wa fiziotherapia yuko Makadara, kisiwa hiki hiki, lakini ng'ambo ya kizuizi. Na miezi ya mwanzo ndiyo mwili hurudi haraka zaidi. Ikipita, kazi huwa ngumu.

3. Kwenye mijadala mwasikia pande mbili. Mmoja: "Tiba kwa simu itamaliza shida." Wa pili: "Porojo hizo, mgonjwa ataka mikono."

4. Mwaka huo huo wa 2020, Cochrane walikusanya majaribio 22 ya mazoezi ya kiharusi kwa mbali. Kwa shughuli za kila siku, hawakuona tofauti kubwa na tiba ya kawaida, ingawa ushahidi wenyewe si mzito. Kwa hivyo si porojo. Lakini simu haimshiki mgonjwa asianguke.

5. Nani amshika? Mara nyingi ni binti wa nyumba. Akiwa karani wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini, aweza kujaza fomu kwa kompyuta akiwa nyumbani. Mgonjwa mwenyewe akiwa karani, hata mkono mmoja waandika. Je, mchukuzi? Muuza samaki? Hao kazi yao haiendi kwa intaneti.

6. Sheria ya Ajira ya 2007 yampa mfanyakazi mgonjwa angalau siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu, kwa mwaka. Siku 14! Kiharusi chataka miezi. Na mwenye kibarua cha siku hata hizo hazioni.

7. Kwa hivyo wakija kuomba kura, waulizeni kila mtu lake. Wa kaunti, maana hospitali za kaunti ziko chini yake: umeajiri mafizio wangapi, na nani atapanda ngazi zetu mara ya kwanza amfundishe binti kabla ya kuhamia kwenye simu? Wa bungeni: bima italipia kikao cha simu? Na zile siku 14 utazigusa?

8. Kifungu cha 43 cha Katiba chasema afya ni haki ya kila mtu. Anayejibu "tutaleta programu ya simu" peke yake, mwambieni bado hajafika ghorofa ya pili.

Tuendelee huko chini.