Moshi Hauna Kiti

Twamshukuru Mungu aliyetupa pumzi ya kuamkia leo. Nasi twataka kutumia dakika hizi chache kusema juu ya pumzi hiyo, na juu ya kitu kimoja kinachoiharibu, yaani moshi wa tumbaku. Mfano wetu tutautoa katika ndege. Labda hujapanda ndege hata siku moja, nawe wasema moyoni, mambo ya ndege yanihusu nini? Vumilia kidogo. Mwisho wa safari tutashuka nyumbani kwako.

Wenye umri wa kutosha watakumbuka. Katika miaka ya 1970 na ya 1980, msafiri aliyefika uwanja wa ndege aliulizwa: "Wataka kuketi kwa wavutao sigara, au kwa wasiovuta?" Katika mkono wa kiti palikuwa na kisahani kidogo cha majivu chenye kifuniko. Ndege ikiisha kupaa, ile taa ya kukataza sigara ilizimika, na hapo viberiti vikaanza kuwashwa. Mvutaji aliweza kuwa safu ya 20, na mama mwenye mtoto mchanga safu ya 19. Kati yao hapakuwa na ukuta wala mlango. Palikuwa na kibao tu cha kuonyesha mpaka, na moshi haujui kusoma.

Nchini Marekani sheria ya kutenga sehemu hizo mbili ilitolewa mwaka 1973. Nia yake ilikuwa njema, lakini kutenga moshi ndani ya ndege ni kama kutia chumvi upande mmoja wa sufuria, ukitumaini kwamba upande wa pili utabaki bila chumvi. Ndege iliyo angani haifunguliwi dirisha. Hewa ni ile moja, na katika ndege nyingi zilizotengenezwa tangu miaka ya 1980, sehemu ya hewa hiyo hurudishwa ndani itumike tena. Kila abiria alikuwa na kiti chake chenye namba. Moshi haukuwa na kiti. Uliketi na kila mtu.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1970, bodi iliyosimamia safari za ndege kule Marekani ilikataza kabisa viko, pamoja na zile sigara kubwa, nene, zilizokunjwa kwa majani matupu ya tumbaku. Sigara za kawaida ziliachwa ziendelee. Sigara kubwa hunuka sana, na abiria walinung'unika. Pua ikafanywa hakimu. Lakini ndugu zangu, pua si daktari. Ile sigara ndogo yenye harufu nyepesi iliendelea na kazi yake ya kuua polepole.

Tena wako wanaokosea kwa upande wa pili. Husema, "Sigara kubwa haina madhara. Moshi wake siuingizi kifuani, nauweka kinywani tu kisha nautoa. Ni kitu cha wakubwa, cha kuwashwa siku ya harusi au mtoto akizaliwa." Tuwasikilize madaktari. Sigara ya kawaida ina tumbaku isiyofika gramu 1 au inayozidi kidogo tu. Sigara kubwa yaweza kuwa na gramu 5, na nyingine hupita gramu 15. Yaani moja peke yake yaweza kuwa na tumbaku ya pakiti nzima, nayo huwaka saa nzima au zaidi. Haina kichungi. Nikotini yake hupenya katika ngozi laini ya kinywa na kuingia katika damu, hata kama moshi haukufika kifuani. Majani yake huchachushwa kwa muda mrefu, na katika kuchacha huko huzidi sumu ziletazo kansa. Ndiyo maana wavutaji wake huugua kansa ya kinywa, ya koo, ya umio, na hata ya mapafu. Taasisi ya Taifa ya Kansa ya Marekani iliyaeleza haya yote katika kitabu kizima mwaka 1998.

Mkumbukeni Jenerali Ulysses Grant, aliyekuwa Rais wa Marekani tangu mwaka 1869 hadi 1877. Mwaka 1862 alishinda vita vikubwa, na magazeti yakaandika kwamba alionekana na sigara kubwa mkononi. Watu waliompenda wakamletea sigara kubwa kwa maelfu. Basi akavuta, mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1884 koo lake likaanza kumwuma, na mwezi wa Julai 1885 akafa kwa kansa ya koo. Wale waliomletea walidhani wanamheshimu. Nasi tujiulize, je, zawadi tunazopeana katika sherehe zetu ni za uzima?

Sasa turudi ndani ya ndege. Tarehe 11 Julai 1973, ndege ya shirika la Varig la Brazil ilikuwa ikitoka Rio de Janeiro kwenda Paris. Ilipokaribia kufika, moto ulizuka katika choo cha nyuma. Moshi ukajaa upesi hata marubani wakashindwa kuona vyombo vyao, wakaitua ndege shambani, kilomita chache tu kabla ya uwanja wa Orly. Watu 134 walikuwa ndani. Watu 123 wakafa, na wengi wao hawakuuawa na moto wala kwa kugonga ardhi. Waliuawa na moshi. Wachunguzi walisema huenda chanzo kilikuwa hitilafu ya umeme, au huenda ni sigara iliyotupwa katika pipa la karatasi. Fikirini jambo hilo la pili. Kipande cha sigara kisichozidi urefu wa kidole huenda kiliwaangamiza watu 123 ambao hawakujua hata ni nani aliyekitupa.

Baada ya msiba ule wakuu wa usafiri wa anga wa Marekani walikataza sigara chooni, wakaagiza pia kwamba karibu na mlango wa choo pawe na kisahani cha majivu. Na hapa pana jambo la ajabu. Leo sigara zimekatazwa katika ndege nzima, lakini sheria yao ya utengenezaji wa ndege bado yadai kisahani hicho kiwepo. Ukipanda ndege utakiona, na juu yake picha ya sigara iliyopigwa mstari mwekundu. Mtu aweza kucheka, akasema hawa wamechanganyikiwa. La, hawakuchanganyikiwa. Wanamjua mwanadamu. Wanajua kwamba hata palipo na amri, atatokea mmoja wa kuivunja. Basi akishaivunja, na awe na mahali pa kuzimia moto wake kabla haujawaunguza wenzake. Kisahani kile si ruhusa ya kuvuta. Ni huruma kwa wote waliomo chomboni.

Tusiwasahau wale waliofanya kazi ndani ya moshi. Abiria alishuka baada ya saa chache, bali mhudumu wa ndege alirudi kesho na kesho kutwa. Norma Broin alikuwa mhudumu wa ndege kule Marekani, naye hakuvuta sigara. Mwaka 1989, akiwa na umri wa miaka 32, madaktari walimwambia ana kansa ya mapafu. Mwaka 1991 yeye na wenzake waliyashtaki makampuni ya tumbaku kwa niaba ya maelfu ya wahudumu wasiovuta. Kesi ikaisha kwa mapatano mwaka 1997, na makampuni yakakubali kutoa dola milioni 300. Fedha hizo hazikugawiwa wahudumu. Zilianzisha mfuko wa utafiti wa magonjwa yaletwayo na moshi.

Sheria nazo zilifuata, lakini kwa mwendo wa kinyonga. Mkuu wa afya wa Marekani alikuwa ametangaza mwaka 1964 kwamba sigara huleta kansa ya mapafu. Hata hivyo sigara zilikatazwa katika safari fupi za ndani ya nchi hiyo mwaka 1988, karibu katika safari zote za ndani mwaka 1990, na katika safari zote za kuingia na kutoka mwaka 2000. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga lilikuwa limezihimiza nchi zote mwaka 1992 ziondoe sigara katika safari za kimataifa. Hesabuni miaka tangu 1964. Kujua ni kitu kimoja, na kutenda ni kingine.

Ndugu, yako maneno yasemwayo tangu zamani: "Mwili ni wangu, sigara ni yangu, fedha ni zangu." Hata watu wa Mungu wamewahi kusema hivyo. Mwaka 1874, katika kanisa la Charles Spurgeon, yule mhubiri mashuhuri wa London, mhubiri mgeni alieleza jinsi alivyoacha sigara kubwa. Spurgeon akasimama akasema kwamba yeye haoni dhambi ndani yake, na kwamba jioni ile ataivuta kwa utukufu wa Mungu. Ni kweli, katika zile amri kumi hakuna isemayo usivute tumbaku. Spurgeon aliishi kabla madaktari hawajafumbua jambo hili. Sisi twaishi baada yake, na anayejua huulizwa zaidi ya asiyejua.

Mtume Paulo aliulizwa na Wakorintho juu ya nyama. Hakuwaambia kwamba nyama ni haramu. Aliwaonyesha kwamba uhuru wangu hufika mwisho pale unapomwumiza ndugu yangu, na kwamba yeye yu tayari kuacha nyama maisha yake yote kuliko kumkwaza mmoja. Kwa hiyo tusiulize tu, "Je, nina haki?" Tuulize pia, "Ni nani aliyeketi safu ya 19?"

Na sasa tumeshuka nyumbani. Hapa Kenya tunayo Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007, inayokataza kuvuta katika matatu, ofisini na mahali pengine pa watu wote. Lakini ukifunga mlango wa nyumba yako usiku, hakuna kondakta wala askari wa kukuuliza. Chumba ni kimoja, dirisha limefungwa kwa sababu ya baridi na mbu, na watoto wanne wamelala mkekani. Hiyo ndiyo ndege yako, baba. Wewe ndiwe rubani, na abiria hawa hawakuchagua kiti. Mtoto avutaye moshi wa mzazi wake hupatwa na pumu na nimonia kwa urahisi zaidi, wala hawezi kukuambia, "Baba, zima." Anakohoa tu, nawe wadhani ni baridi.

Wala kanisa lisimdharau mvutaji. Nikotini hufunga mtu kwa kamba ngumu, na wengi wamejaribu kuacha wakaanguka, wakaona haya kurudi ibadani. Tuwe kama kile kisahani kilicho mlangoni. Tusimpe ruhusa, ila tumpe mahali pa kuuzimia moto wake. Ndugu yangu uvutaye, mwambie mkeo leo, mwambie daktari, mwambie na mchungaji wako. Leo hii sigara isiingie tena ndani ya nyumba. Kisha endelea hadi uiache kabisa, na ukianguka, inuka tena. Madaktari wanasema kwamba mtu akikaa mwaka 1 bila kuvuta, ile hatari ya ugonjwa wa moyo aliyojiongezea kwa sigara hupungua kwa karibu nusu. Mwili wake Muumba aliufanya uwe na hamu ya kupona.

Tuombe. Ee Mungu, uliyetupulizia pumzi ya uhai, utufundishe kuitunza pumzi yetu na ya jirani zetu. Uwafungue waliofungwa na tumbaku. Uwaponye waliougua kwa moshi usio wao. Uzilinde nyumba zetu, na watoto waliolala ndani yake. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.