Majani Mawili na Chipukizi

Hapa Litein kila mchumaji wa chai anaijua sheria: majani mawili na chipukizi. Majani magumu hukataliwa, maana kiwandani yote huchanganywa, nayo huharibu hata chai ya jirani aliyechuma vizuri.

Basi asubuhi moja ya mvua tulichelewa shambani. Tukayatia magumu katikati ya gunia, mazuri tukayaweka juu. Siku hiyo karani hakumwaga gunia mezani. Tukapata kilo tatu zaidi, tukashukuru! Mwisho wa mwezi tukapeleka fungu la kumi kanisani, pamoja na la zile kilo tatu, tukaimba kwa sauti kuu kuliko wote. Je, Mungu alipokea nini? Msomapo Mithali 11:1 mtaona jinsi anavyoitazama mizani ya hila.

Jioni ile, baada ya maombi ya nyumbani, mtoto wetu akauliza mbona gunia lile tulilifunga haraka. Hatukuwa na jibu.

Jumatatu tukarudi kituoni, tukamweleza karani. Akatutazama kwa muda, akafungua daftari, akauliza: “Kilo ngapi, wazee?”