Pasi Si Kazi ya Usiku wa Mwisho

(Hotuba kwa viongozi wa vikundi vya ushonaji, katika semina ya parokia)



Wenyeviti, makatibu, waweka hazina, na nyinyi mafundi wenyewe, asanteni kwa kufika. Najua wengine mmetembea tangu alfajiri, kwa hivyo sitawaweka sana. Leo sitasema juu ya cherehani. Nataka tuzungumze juu ya pasi.

Naona wengine wanacheka. Mnajiuliza, "Pasi nayo ni ya kufundishwa semina?" Ngojeni niwaambie yaliyotupata.

Miaka kadhaa iliyopita, kikundi kimoja nilichokuwa nikikisaidia kilipata kazi ya kushona sare 40 za wasichana, zile zenye marinda. Akina mama walishona vizuri. Jioni ya mwisho nguo zote zikarundikwa mbele ya msichana mmoja, mdogo kuliko wote kikundini. Akaachiwa pasi ya makaa, taa moja, na maneno haya: "Hizi zinatakiwa shuleni asubuhi."

Asubuhi mwalimu mkuu alizikagua moja moja. Akapokea 23. Zile 17 akazirudisha. Nyingine zilikuwa zinang'aa mahali pasi ilipopita, nyingine zina madoa ya majivu, na marinda mengi yalikuwa yamepinda. Kikundi kikakaa mkutano, kikaamua msichana akatwe mgao wake kulipa hasara. Mimi nilikuwa nimeketi pale na kalamu yangu, nikanyamaza. Yule msichana hakurudi tena kikundini.

Wapendwa, baadaye nilifungua daftari nikapiga hesabu ambayo ningeipiga mapema. Nguo moja ya marinda, ukiipiga pasi kwa uangalifu, inakula kama dakika 15. Mara 40 ni dakika 600, yaani saa 10 nzima. Tulimpa usiku mmoja, peke yake, na mchana alikuwa ameshinda akishona vifungo. Nikatazama bei niliyowasaidia kupanga. Kitambaa kimo, uzi umo, vifungo vimo, nauli imo. Makaa hayamo. Muda wa pasi haumo. Kosa lilikuwa letu sote, na wa kwanza ni mimi.

Basi, hebu tujifunze kutokana na hasara ile.

Kwanza, pasi huanza na mshono wa kwanza. Fundi mzuri hangoji nguo iishe. Kila mshono ukishonwa, upige pasi kabla haujapitiwa na mshono mwingine. Ulaze kama ulivyoshonwa, halafu ugeuze nguo, uufungue mshono kwa ndani na kuubonyeza. Usipofanya hivyo mapema, hata ukiung'ang'ania saa nzima mwishoni hautatulia, maana umeshafungwa na mwingine.

Pili, kubonyeza si kusugua. Weka, bonyeza, inua. Ukiiburuta pasi juu ya kitambaa kilichokatwa mshazari, kitavutika na pindo litapinda. Marinda yashikize kwanza kwa uzi mrefu, weka juu yake kitambaa chenye unyevu, bonyeza, kisha uyaache yapoe palepale. Joto na unyevu hulainisha nyuzi za kitambaa, na zikipoa ndipo hushika umbo. Ukiinua nguo ingali moto, umetupa kazi yako.

Tatu, kijue kitambaa. Pamba huvumilia pasi ya moto sana. Nailoni na poliesta huyeyuka. Vitambaa vingi vya sare ni mchanganyiko, kwa hivyo jaribu kwanza kwenye kipande kilichobaki wakati wa kukata. Nguo ya rangi nzito ipigwe pasi upande wa ndani, ama uweke kitambaa juu yake, isije ikang'aa.

Nne, na hili mlishike sana: makaa. Yawashwe nje mpaka yashike vizuri. Majivu yapeperushwe hukohuko nje, na chini ya pasi pafutwe kabla haijagusa nguo. Tena usipige pasi ya makaa katika chumba kilichofungwa, hata kama moshi umekwisha. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunukia. Kichwa kinauma, unasikia kizunguzungu, na mtu anaweza kufa. Yule msichana alikuwa amefunga dirisha usiku ule ili vumbi lisiingie kwenye sare zetu. Namshukuru Mungu kwamba tulichopoteza ni nguo 17 tu.

Tano, kabla ya kukunja, kata nyuzi zinazoning'inia, vuta kila kifungo uone kama kimeshika, na uache nguo ipoe na kukauka kabisa. Nguo iliyokunjwa na unyevu huota ukungu.

Wazee walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mteja hana muda wa kugeuza nguo atazame ndani. Anaona kola, anaona pindo, anaamua. Kwa hivyo anayepiga pasi ndiye anayeiuza nguo yenu. Alipwe kama fundi, wala asiwe yule mdogo asiyeweza kukataa. Na katika Injili ya Pasaka, Yohana sura ya 20, tunasoma kwamba kile kitambaa cha kichwani kilikutwa kimekunjwa, kimewekwa mahali pake. Tusiidharau kazi hii.

Nilikwenda kwao kumwomba msamaha. Alinikaribisha chai. Siku hizi ana meza yake pale sokoni, anawapigia watu pasi, na mafundi humpelekea kazi. Kile kikundi kilimrudishia mgao wake, nacho sasa humpelekea kazi na kumlipa bei yake kama wateja wengine. Lakini kurudi kuwa mwanachama, alikataa. Sikumlaumu.



Maswali ya kujadili kikundini:

1. Katika bei ya nguo zetu, tumeweka shilingi ngapi za makaa au stima, na za muda wa pasi?

2. Ni nani hupiga pasi katika kikundi chetu, na alichaguliwa vipi?

3. Hasara ikitokea, je, tunatafuta chanzo chake, au tunatafuta mtu wa kumtwika?